DUSO ya Mlimani, na somo walilolishika kuliko mwalimu alivyotegemea

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa katibu kwenye serikali ya wanafunzi, chuo gani sisemi, na kazi yangu kubwa kusema ukweli ilikuwa kutunza ufunguo wa ofisi. Ofisi yenyewe chumba kimoja, meza mbili, kabati la chuma limejaa mafaili ya shida za watu, huyu boom, yaani pesa yake ya kujikimu, halijaingia mwezi wa pili huu, yule matokeo yake ya mtihani hayaonekani, dada mmoja mjamzito anataka kuahirisha mwaka na hajui aanzie wapi, yaani mambo ambayo mtu hawezi kwenda kumwambia mkuu wa idara ila kwetu anaingia, anakaa, anasema. Asubuhi moja nafika, ufunguo hauingii. Kufuli jipya. Mlangoni kuna karatasi yenye muhuri, shughuli za serikali ya wanafunzi zimesitishwa mpaka litakapotolewa tangazo jingine. Nilisimama pale kama dakika kumi hivi nimeushika ule ufunguo na sikuwa nawaza siasa hata kidogo, nilikuwa nawaza yale mafaili.

Ndo nikaanza kusoma habari za vyama vya wanafunzi vilivyofungwa kabla yetu, na kuna kimoja kimenishika mpaka leo, nimeshapata kazi na watoto lakini bado nikikuta maandishi yanayokitaja naacha ninachofanya nasoma. DUSO ya Mlimani, chama cha zamani cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wengi wanaijua DARUSO ya sasa tu, wanadhani ipo tangu chuo kijengwe. Hapana. Kabla yake ilikuwepo nyingine na haikujifia yenyewe.

Ila DUSO huwezi kuielewa ukianzia kwenye DUSO, inabidi urudi Oktoba 1966. Chuo wakati huo kina miaka mitano, kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, chama kilichokuwa kinatawala, mtaa wa Lumumba na wanafunzi wa sheria wachache ambao daladala moja ingewatosha na viti vikabaki, 1964 kikahamia kule kilimani, na kilikuwa bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Serikali ikaja na mpango kwamba msomi akimaliza lazima aende Jeshi la Kujenga Taifa, miezi kadhaa kambini, alafu miezi 18 afanye kazi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba wakavaa majoho yao, wakaandamana mpaka Ikulu wakiwa na mabango, na kuna bango moja lilisema afadhali wakati wa ukoloni. Hebu fikiria, nchi ina miaka mitano ya uhuru, mkulima aliyeuza pamba yake ndo anakusomesha, na wewe umevaa joho unamwambia hivyo Rais uso kwa uso.

Rais mwenyewe, Mwalimu Nyerere, alikasirika, na mimi hapa niko upande wake kabisa. Aliwaambia hatamchukua mtu yeyote ambaye moyo wake haumo, wakarudishwa makwao karibu 400, na palepale akasema mishahara ya nchi hii ni mikubwa mno kwa watu masikini kama sisi, ya mawaziri, ya wasomi, na yake mwenyewe, akatangaza anapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Hicho kitendo cha mshahara naomba ukikumbuke kwa sababu nitakirudia. Miezi mitatu na kitu baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Wengi wa waliofukuzwa wakasamehewa wakarudi darasani, lakini walirudi kwenye chuo kingine kabisa, maana sasa swali lililokuwa kila kona ni msomi anamtumikia nani.

Walilichukua swali kwa uzito kuliko mtu yeyote alivyotegemea. 1967 hiyohiyo kikazaliwa kikundi cha kimapinduzi cha USARF, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, mwenyekiti wake kijana wa Kiuganda anaitwa Yoweri Museveni, huyohuyo unayemjua. Walter Rodney alikuwa anafundisha historia pale na alikuwa karibu nao sana. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi Jumapili, wengine wakaenda mpaka maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO. Mwaka 1968 kulikuwa na ile siku ya wanafunzi kuvaa matambara kuchangisha pesa za misaada, desturi ya vyuo vya Uingereza, na hawa jamaa wakaizuia magari yasitoke, kwamba huwezi kuvaa umasikini wa watu kama nguo ya sherehe. Mi kila nikifika hapo nasisimka. Miaka miwili tu nyuma watu wa chuo hichohicho walikuwa wanaandamana na majoho!

Walikuwa na jarida lao pia, Cheche, lilianza mwishoni mwa 1969, Karim Hirji akiwa mmoja wa wahariri, na Issa Shivji akaandika humo uchambuzi wa matabaka Tanzania ambao bado unasomwa. Novemba 1970 vyote viwili vikapigwa marufuku, USARF na Cheche. Sababu waliyopewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, hakuna haja ya kikundi kingine, na jina la jarida limekopwa nje, linafanya ionekane tunajenga ujamaa wa Kirusi. Kumbe walikuwa wanauamini ujamaa kupita viongozi wengi waliousimamia. Ndo mara ya kwanza naona lile jambo ambalo baadaye liliikuta DUSO, kwamba ukilishika somo kwa nguvu kuliko mwalimu anavyotaka unakuwa tatizo.

Sasa DUSO. Chuo kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili tarehe 1 Julai 1970, na chama cha wanafunzi wote kikawa Dar es Salaam University Students Organisation. Makamu Mkuu wa Chuo akateuliwa Pius Msekwa, ametoka kuwa mtendaji wa juu wa TANU, kwa hiyo chama na chuo vikawa nyumba moja. Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, waraka wake wa siasa, na ibara yake ya 15 ndo ilikuwa inashikwa na kila mfanyakazi na kila mwanafunzi, inamkataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau na kuwaonea anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani walikuja kugoma wakiitaja kwa namba yake. Mlimani rais wa DUSO alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga, na katikati ya mwaka huo wanafunzi wakaandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo kulalamikia jinsi chuo kinavyoendeshwa, amri zinatoka juu, hawasikilizwi. Julai 1971 FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakapanda Mlimani wakiwa na silaha, wakamkamata Akivaga mbele ya wenzake, wakamtia kwenye gari, akarudishwa Kenya.

Watu wakitaja mgogoro huu huwa wanasimulia askari na bunduki. Mimi naangalia kilichofuata. Wanafunzi hawakutawanyika, walikaa mikutano mfululizo na walimu wao wengi wakasimama nao, mtu na lekcha wake upande mmoja, na wakati wote huo hawakutoka nje ya lugha ya chama. Walisema ibara ya 15. Walisema Mwongozo. Mgeni akipita angedhani ni mkutano wa TANU. Kwa hiyo hawakuwa wapinzani kama tunavyowaelewa wapinzani leo, walikuwa watu wanaokudai ulichoahidi kwa mwandiko wako mwenyewe.

Miaka ya katikati naipita haraka ila kuna kitu kimoja cha muhimu, Azimio la Musoma la Novemba 1974. Baada ya pale ilikuwa huendi chuo kikuu moja kwa moja ukitoka kidato cha sita, unapita jeshini, unafanya kazi kwanza, unapata mapendekezo ya mwajiri na ya chama kwamba wewe ni mtu mwadilifu, ndo unaingia. Maana yake kufika 1978 waliokuwa Mlimani wengi hawakuwa watoto wa kutoka shule. Ni watu wazima walioshafanya kazi, wameshaona bei ya unga na mshahara usiotosha, tena wamechujwa na chama chenyewe. Zile sifa alizokuwa anazitaka Mwalimu 1966 ndo hizi zote.

Machi 1978 zikatoka habari za nyongeza ya mishahara na marupurupu kwa mawaziri, wabunge na viongozi wengine. Na hawa watu wazima waliochujwa wakaandamana, pamoja na wenzao wa Chuo cha Ardhi, kushuka mjini kupinga. Hawakuwa wanadai posho zao. Hawakuwa wanakataa jeshi, jeshi wameshapita. Walikuwa wanasema viongozi wa nchi masikini hawawezi kujiongezea wakati mkulima hana, yaani neno kwa neno lile somo la Ikulu la Oktoba 1966, siku Rais alipojikata asilimia 20 ya mshahara wake mbele ya wanafunzi wenye majoho. Polisi wakawazuia njiani, wakapigwa, na karibu 350 wakafukuzwa na kurudishwa mikoani kwao. DUSO ikafutwa.

Nimelirudia hili kichwani mara nyingi sana na bado linaniuma. 1966 walifukuzwa kwa kujifikiria wao, sawa, naelewa, hata ningekuwa mimi ningewarudisha nyumbani wakapige jembe kwanza. 1978 wamekuja wamebadilika, wanamfikiria mkulima, na adhabu imekuwa ileile, tena imeongezwa, maana 1966 angalau mtu alifukuzwa akarudi, safari hii wengi nao walisamehewa baadaye wakarudi lakini chama chao hawakukikuta. Nampenda Mwalimu, nimekulia kwenye nyumba yenye picha yake ukutani na sitaiondoa kwangu, na kwa sababu hiyohiyo nasema hapa alikosea, na alikosea kwa watu ambao ndo walikuwa wamemsikia vizuri kuliko wote. Naona kosa halikuwa hasira ya siku moja. Lilianza pale ilipoamuliwa kwamba ukweli ukishatoka kwenye chama basi unarudi kwa njia ya chama tu, ukiurudisha kwa miguu barabarani umekuwa mhuni.

Badala ya DUSO ikaja MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya mabawa ya jumuiya ya vijana ya CCM, chama kilichoirithi TANU. Sitaki kuwadharau waliokuwa viongozi wake, bila shaka walikuwemo waliohangaikia wenzao vitanda na chakula usiku na mchana. Lakini chama cha wanafunzi ambacho kinawajibika juu badala ya chini kina shida moja ambayo haitibiki hata uwaweke malaika, mwanafunzi akiwa na jambo zito anajua halifiki, au linafika na jina lake. Basi halisemwi ofisini, linasemwa vyumbani na kwenye kuta, linaiva lenyewe. Mei 1990 likaiva, chuo kikafungwa kizima, watu wote makwao, kikafunguliwa Januari 1991. Rais alikuwa Mzee Mwinyi sasa, vyama vingi vinanukia, na baada ya kufunguliwa ndo ikaja DARUSO, chama cha wanafunzi wenyewe tena, miaka 13 hivi tangu DUSO ifutwe.

Miaka 13 ni mingi kwa chuo. Mwanafunzi anakaa mitatu, minne. Hesabu mwenyewe ni makundi mangapi yalipita hapo bila hata mtu mmoja wa kuwaonyesha mkutano wa wanafunzi unavyoendeshwa, unaandikaje barua ya wazi bila matusi, unasimamaje mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo ukamwambia hapana kwa heshima. Hivi vitu havifundishwi darasani, mwaka wa tatu anamrithisha mwaka wa kwanza, na ule mnyororo ukikatika inabidi mtu aanze kufua chuma upya. Nikiona leo viongozi wa wanafunzi wanaitana mheshimiwa, wana misafara na suti, alafu mkopo ukichelewa hawajui hata waandike nini, huwa siwalaumu sana hao vijana. Wamerithi vyeo, ule ufundi wenyewe ulikatikia njiani.

Kule kwetu ofisi ilifunguliwa baada ya miezi minne, na katiba mpya ambayo hatukuiandika sisi. Niliruhusiwa kuingia kuchukua vitu vyangu. Meza zipo mbili vilevile, kabati lipo, nikalifungua na lilikuwa tupu, limefagiliwa safi, na mpaka leo sijui yule dada alipata ruhusa yake au aliacha chuo. Kwa hiyo nikisoma DUSO ilifutwa nawaza na wao walikuwa na kabati. Huenda kulikuwa na kumbukumbu za vikao, rasimu ya ile barua ya 1971 yenye masahihisho ya kalamu pembeni, orodha ya walioandamana. Wale waliofukuzwa 1978 wakiwa na miaka 25 hivi leo wana zaidi ya 70. Kama kwenu kuna mzee au bibi aliyekuwa Mlimani miaka hiyo, kaa naye wikiendi hii muulize, alafu muombe akuonyeshe karatasi zake ziko wapi, kwenye sanduku chini ya kitanda huko, kabla mchwa hawajazifikia.