Joe Henderson, kwake na kwa wenzake

Jioni yote ya leo imeishia kwenye solo moja. Ni ile ya Joe Henderson ndani ya “Song for My Father” ya Horace Silver, iliyorekodiwa tarehe 26 Oktoba 1964. Silver mwenyewe hutangulia kwenye piano, kisha Henderson anaingia na saksafoni yake ya tenori. Haingii kwa mbio. Anatoa kauli fupi, ananyamaza, anairudia akiwa ameipinda kidogo, ananyamaza tena. Piano iko chini yake na pigo lilelile lisilochoka. Taratibu sauti inaanza kukwaruza, inapanda, noti zinasongamana, na pale unapodhani sasa atavunja kila kitu anaishusha mwenyewe, kwa utulivu, mpaka wimbo unaporudi.

Silver aliutunga wimbo huo kwa ajili ya baba yake, mzaliwa wa visiwa vya Cabo Verde, na mzee mwenyewe ndiye anayeonekana kwenye jalada, na kofia yake kichwani. Baba wa mtu mwingine, kumbukumbu za mtu mwingine. Hata hivyo Henderson anapuliza kama aliyelelewa nyumba hiyo.

Hili ndilo limenifanya nifungue shajara usiku huu. Wapo wapigaji wakubwa ambao ukiwakuta kwenye santuri za wenzao unahisi wanangoja zamu yao ipite, walipwe, waende. Henderson sijawahi kumhisi hivyo. Mgeni njoo mwenyeji apone: kila alipoitwa, mwenye albamu aliondoka akiwa bora kuliko alivyokuja. Na nazidi kuamini kwamba huwezi kuzielewa albamu zake mwenyewe bila kumfuata kwanza huko alikoalikwa.

Alizaliwa Lima, jimbo la Ohio, mwaka 1937. Alisoma Detroit, mji uliojaa wanamuziki wa kutisha wakati ule, akaingia jeshini mwaka 1960, akatoka 1962 na kwenda New York. Huko alipokewa na Kenny Dorham, mpiga tarumbeta aliyekuwa amemtangulia kwa umri na uzoefu. Nampenda Dorham kwa sababu nyingi, ila hii ni mojawapo: aliona kipaji cha kijana asiyejulikana na hakukificha. Aprili 1963 alimpeleka studio kurekodi “Una Mas”, albamu ya Dorham mwenyewe. Juni mwaka huohuo Henderson akawa na albamu yake, “Page One”, na Dorham alikuwa pembeni yake akipiga.

Tazama jinsi albamu hiyo inavyoanza. Kijana wa miaka 26 amepewa nafasi ya kwanza maishani kuonyesha yeye ni nani, na wimbo wa kwanza si wake. Ni “Blue Bossa” ya Dorham. Wake, “Recorda Me”, unakuja baadaye. Nyimbo hizo mbili leo zinajulikana na karibu kila mwanafunzi wa jazi duniani, na ni sawa zilizaliwa pamoja, maana mmoja ni wa mwalimu na mwingine wa mwanafunzi, na hakuna anayemsukuma mwenzake.

Jalada la “Page One” lina jambo dogo linalonigusa kila nikiliangalia. Yameandikwa majina ya wapigaji, lakini la mpiga piano halimo. Badala yake kuna kifupi tu cha kusema “na wengineo”. Mpiga piano huyo alikuwa McCoy Tyner, ambaye wakati ule alikuwa na mkataba na kampuni nyingine, Impulse, kwa hiyo Blue Note, kampuni iliyotoa albamu hii, hawakuweza kulitangaza jina lake. Mkono wake unasikika wazi kwenye kila wimbo, jina halipo. Nitamrudia Tyner, maana hadithi ya watu hawa wawili haikuishia hapo.

Kuanzia Novemba 1963 hadi mwishoni mwa 1964, Henderson alipita katika studio ya fundi wa sauti Rudy Van Gelder, kule Englewood Cliffs, New Jersey, mara nyingi kiasi kwamba unaweza kusikiliza muziki wa kipindi hicho kifupi tu na ukajifunza karibu kila kitu kuhusu tenori. Na hakuna siku mbili zinazofanana.

Mwanzoni mwa Novemba yumo kwenye “Idle Moments” ya mpiga gitaa Grant Green. Wimbo wenye jina hilo, uliotungwa na Duke Pearson, unakaribia dakika 15, na sehemu ya urefu huo ilitokana na mkanganyiko: wapigaji hawakuelewana mzunguko mmoja una urefu gani, Green akaongeza, na waliofuata wakafuata alivyofanya. Wakaona wimbo ni mzuri mno kuukata, wakauacha hivyo, na nyimbo nyingine ndizo zilizorekodiwa upya kwa ufupi ili santuri itoshe. Henderson humo anapuliza kwa pumzi laini, karibu na mnong’ono, na mpaka leo sidhani kuna mtu aliyewahi kutumia polepole vizuri kuliko alivyofanya siku ile. Kijana wa umri wake, anayetafuta jina, angejaza nafasi yote hiyo kwa mbwembwe. Yeye aliipisha.

Mwezi uliofuata, tarehe 21 Desemba, yuko na mpiga tarumbeta Lee Morgan kwenye “The Sidewinder”. Huo ni muziki wa kuchezesha mabega, bluzi yenye pigo la kuvutia lililowafanya hata watu wasiosikiliza jazi wainunue. Solo yake inafuata ya Morgan, na hapo anazungumza lugha ya Morgan: kauli fupi, za mtaani, zenye chumvi.

Halafu, Machi 1964, anakaa katikati ya kundi la mpiga piano Andrew Hill katika “Point of Departure”, pamoja na Dorham, mpiga saksafoni Eric Dolphy, Richard Davis kwenye besi na Tony Williams, mpiga dramu ambaye alikuwa na miaka 18 tu. Muziki wa Hill ni mgumu. Mapigo yanajificha, nyimbo zinapindia upande usiotarajia. Dolphy anaruka juu kama kawaida yake, na alibakiwa na miezi mitatu tu ya kuishi. Kati ya Dolphy anayepaa na Dorham anayetulia, Henderson ndiye kiungo. Nikimwondoa akilini, albamu nzima inagawanyika vipande viwili. Hili nililitambua baada ya kuisikiliza kwa muda mrefu sana, kwa sababu kazi ya namna hiyo haijitangazi.

Sasa tufike “Inner Urge”, ambayo kwangu ndiyo kilele cha albamu zake za Blue Note. Ilirekodiwa 30 Novemba 1964, watu wanne tu: Henderson, Tyner, Bob Cranshaw kwenye besi na Elvin Jones kwenye dramu. Wimbo wenye jina la albamu unatokana na miaka yake ya kuhangaika New York, mji usiomsubiri mtu, na unasikia hivyo hasa. Unaanza mzito, kama mtu anayetembea akiwa na jambo kifuani, halafu mwishoni mwa kila mzunguko akodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja chini ya wimbo, zinaanza kubadilika haraka, moja baada ya nyingine, na mpulizaji hana pa kupumzikia. Henderson hapiti juu ya sehemu hiyo kwa kuteleza. Kila mara anaikabili kwa njia mpya.

Siku tisa tu baadaye, katika studio ileile, Tyner na Elvin walikaa na mpiga saksafoni John Coltrane wakarekodi “A Love Supreme”. Huwa nafikiria mikono ile miwili, ya piano na ya dramu, ikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya wiki moja na ushei. Wapo wanaomhesabu Henderson kuwa kivuli cha Coltrane. Wasikilize rekodi hizi mbili mfululizo. Coltrane anasali, anaelekea juu moja kwa moja. Henderson anabishana na dunia hii hii ya chini, anauliza, anageuka, anauliza tena kwa maneno mengine. Wasindikizaji ni walewale, na bado huwezi kuwachanganya.

Novemba 1965 akaitwa na Larry Young, mpiga ogani, kwa “Unity”. Hakuna mpiga besi pale, Young anaibeba besi mwenyewe, na Elvin yuko nyuma akiwasha moto. Mpiga tarumbeta ni Woody Shaw, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 21. Henderson alikuja na wimbo wake mmoja, “If”. Ukitaka kumsikia akifurahi, msikie humo. Na zingatia kwamba miaka miwili tu iliyopita yeye ndiye alikuwa kijana anayeshikwa mkono na Dorham. Sasa amesimama na kijana mwingine, na anampa Shaw nafasi ileile aliyopewa yeye.

Na Tyner? Mwaka 1967, akiwa ameshaondoka kwa Coltrane, alihamia Blue Note na kurekodi “The Real McCoy”. Safari hii jina lake limejaa jaladani. Alimwita nani kwenye tenori? Henderson, pamoja na Elvin, na Ron Carter kwenye besi. Sikiliza “Passion Dance” uone namna watu waliojuana wanavyoweza kukimbia bila kugongana. Kisha “Search for Peace”, ambapo tenori inapuliza kwa upole unaokufanya ushushe sauti ya mazungumzo chumbani.

Miaka ya kampuni ya Milestone, kuanzia 1967, watu huipita haraka, nami siridhiki na hilo. “Power to the People” ya 1969 ina “Black Narcissus”, wimbo wa kutulizia moyo, na jina la albamu linakuambia Marekani ilikuwa katika hali gani. Mwaka 1970 alipuliza na mpiga saksafoni Pharoah Sanders kwenye “Ptah, the El Daoud” ya Alice Coltrane, mpiga piano na kinubi, na mwaka 1973 Alice akaja kwenye “The Elements” ya Henderson mwenyewe, pamoja na mpiga besi Charlie Haden.

Kipindi hicho kina jambo linalotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili. Henderson alikuwa kwenye kundi la mpiga piano Herbie Hancock mwaka 1969, na unamsikia kwenye “The Prisoner”. Alipoondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Bennie Maupin, na kundi hilohilo likajipa majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson akawa Mganga. Joe aliondoka kabla ya majina hayo. Nimejaribu mara nyingi kuwaza wangempa lipi.

Kisha kuna miaka ambayo ulimwengu wa kununua santuri ulimsahau. Alihamia San Francisco, akafundisha. Novemba 1985 alipiga Village Vanguard mjini New York akiwa na Ron Carter na mpiga dramu Al Foster tu, bila piano, na rekodi zake, “The State of the Tenor”, zinaonyesha mtu aliyefika mahali ambapo hahitaji kujazwa nafasi. “Ask Me Now” ya Thelonious Monk humo ni somo la subira.

Umaarufu ulimjia mwaka 1992, akiwa na miaka 55, kwa “Lush Life”, albamu ya nyimbo za Billy Strayhorn. Ikampa tuzo ya Grammy na wasikilizaji wapya kwa maelfu. Inanifurahisha sana kwamba ilikuwa Strayhorn. Huyu ni mtunzi aliyefanya kazi karibu maisha yake yote ya utu uzima kando ya kiongozi wa bendi Duke Ellington, na watu wengi mpaka leo hudhani “Take the A Train” ni ya Ellington. Nani angemwelewa Strayhorn zaidi ya mpulizaji aliyezijaza santuri za wenzake kwa mambo makubwa kama haya? Henderson aligawa nyimbo: “Isfahan” aliipiga na besi peke yake, “Lotus Blossom” na piano peke yake, “Take the A Train” na dramu peke yake. Na wimbo wa mwisho, “Lush Life” wenyewe, ni saksafoni tupu.

Magazeti yaliandika kana kwamba ndio kwanza amegunduliwa. Sikubaliani. Dorham alijua, Silver alijua, Hill, Young, Tyner, wote walijua karibu miaka 30 kabla. Alifariki mwaka 2001, kule San Francisco.

Wiki hii narudi kwenye zile za Milestone, nianze na “The Kicker” ya 1967, kisha “Tetragon”, kwa mpangilio, bila kuruka hata wimbo mmoja.