Boga langu na kanga yake ya karatasi

5 Oktoba

Boga limepatikana. Tumelitoa shambani kusini mwa Columbus, Ohio, barabara ya kuelekea Circleville, mji ambao tamasha lake la maboga la kila Oktoba lilianza mwaka 1903. Wengi shambani walikuwa wanagombea yale makubwa ya kuchonga kwa ajili ya Halloween. Mimi nilitafuta la kupikia, dogo, la nyama nzito na tamu. Lina kilo tatu na ushee. Nimelibeba kwa mikono miwili kutoka chini, maana kikonyo kikivunjika, kidonda kile ndicho mlango wa kuoza.

Mradi wa mwaka huu una sharti moja: likimaliza kazi ya pambo, liingie sufuriani.

Mwaka jana nilibandika karatasi ya shashi yenye maua juu ya boga kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka, na lilipendeza kweli. Lakini gundi na rangi haviliwi, kwa hiyo Novemba ilipokwisha nililitupa. Mama aliniona kwenye simu ya video, yeye akiwa Tanga. "Boga zima hilo, mwanangu? Si ungelipika hata na nazi?" Maneno yale sijayasahau, na nadhani alisema kweli. Kwetu boga ni chakula kwanza: majani yake mboga, mbegu zake za kukaanga, lenyewe futari. Tena asili ya boga ni bara hili la Amerika, huko kwetu lilifika kwa meli. Limetulisha vizazi vingi, halafu nije nilitupe kwao?

Basi mwaka huu hakuna gundi wala rangi itakayogusa ngozi ya boga. Litavaa nguo ya kuvuliwa. Nimeamua iwe kanga.

8 Oktoba

Jioni nzima imekwenda kwenye kipimo. Nililiosha boga, nikalikausha, kisha nikalizungushia karatasi moja nzima ili nione. Ikajikunyata kila mahali. Karatasi inakubali kupinda upande mmoja. Ukiitaka ipinde pande mbili kwa wakati mmoja, inafanya mikunjo. Kitambaa kina huruma, karatasi haina.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha njia bila kujua. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mifuo ya boga huku akihesabu mbavu: kumi na tano. Nikachukua uzi, nikauzungusha tumboni mwa boga: sentimita 66. Gawanya kwa 15, kila ubavu una upana wa sentimita 4.4 pale palipo panene zaidi, na unapungua kuelekea kwenye kikonyo. Kumbe boga lenyewe limeshajikatia vipande, kazi yangu ni kuvifuata. Nimekata kipande kimoja cha majaribio chenye umbo la dau, chembamba juu, kipana tumboni, chembamba tena chini, urefu sentimita 18. Nilipokilaza juu ya ubavu mmoja kilitulia kimya, bila kunyanyuka ncha hata moja. Nilifurahi mno, nikamwita mume wangu aje kuangalia kipande kimoja cha karatasi.

12 Oktoba

Vipande vyote 15 tayari. Nimechagua rangi za kisutu, ile kanga ya jadi ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nyeupe na nyeusi ni manila nyembamba, nyekundu ni krepu, kwa kuwa ina mikunjo midogo inayofanana na nguo.

Vyote vinaning'inia kwenye pete ya manila nene inayozunguka kikonyo. Gundi inashika karatasi kwa karatasi tu. Nimeiacha pete na mkato upande wa nyuma ili ipite kwenye kikonyo bila kukilazimisha. Nimelaza kila kiungo chini ya kitabu kizito usiku kucha, kwani gundi ikikauka bila kukandamizwa, kiungo kinajipinda.

19 Oktoba

Nililiweka boga ngazini, nje ya mlango. Asubuhi umande ulikuwa umeilowesha krepu, nyekundu yake ikatiririka juu ya nyeupe hadi kwenye ngozi ya boga. Ngozi ilisafishika kwa kitambaa chenye maji. Karatasi hazikusafishika. Krepu hutoa rangi ikilowa, na nilitakiwa kuijaribu kwanza kwa tone moja la maji. Nimerudia vipande vitano vya rangi hiyo kwa manila nyekundu.

Boga sasa linakaa ndani, dirishani, mbali na mashine ya kupasha nyumba joto. Hata lisingekuwa na karatasi ningelitoa ngazini, kwa kuwa baridi ikifika kuganda, nyama ya boga hulainika na kuharibika. Kindi nao wameshayala maboga ya jirani.

26 Oktoba

Pindo. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ni ukanda mweusi wa sentimita 5 unaokaa tumboni, unafungwa nyuma kwa uzi, na ndio unaovishika vipande vyote 15 visipepee. Nimekata korosho ndani yake: unakunja karatasi mara mbili, unachora nusu ya kila jozi kwenye mkunjo, unakata kwa ncha ya wembe kutoka kwenye mkia mwembamba kuelekea kwenye tumbo la korosho. Ukianzia tumboni, mkia unachanika. Nyuma ya matundu nimeweka karatasi nyeupe.

Kanga bila jina haijakamilika. Juu ya pindo nimebandika MGENI NJOO MWENYEJI APONE, herufi 22, nilizozikata moja moja. Linafaa jioni ya Halloween, tarehe 31, watoto wa mtaa watakapogonga mlango kuomba peremende, na linafaa zaidi Sikukuu ya Shukrani, meza itakapojaa wageni.

Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Limekaa wiki saba bila doa. Asubuhi binti yangu alifungua uzi, tukaivua kanga, nikalipasua boga mbele ya simu ili Mama aone. Nyama ilikuwa ya rangi ya machungwa iliyokolea. Nimelipika kwa tui zito, iliki na sukari kidogo, likawekwa mezani kando ya bata mzinga. Mbegu tumezikaanga na chumvi.

"Na nguo yake?" Mama akauliza.

Iko kwenye bahasha, imelazwa bapa, nyuma nimeandika "mbavu 15, sentimita 66". Boga la mwakani halitakuwa na mbavu hizohizo, kwa hiyo wiki ijayo nitabandua vipande na kutoboa pete matundu 20, ili vifungwe kwa uzi na kuongezwa au kupunguzwa.