Kukaa na wageni siku ya Idi bila moyo kubaki jikoni

Mgeni akiingia ukumbini siku ya Idi, mwenyeji akawa anamwitikia huku anachungulia uani, mgeni anajua. Atakunywa chai yake haraka na kuaga. Kwa uzoefu wangu hapa Ngamiani, Tanga, mara nyingi si mapenzi yaliyopungua, ni sufuria. Akili ya mtu hubaki pale alipoacha kazi haijaisha. Kwa hiyo utulivu wa kukaa na watu mimi huanza kuutafuta jikoni, siku kadhaa kabla.

Ugumu wa Idi el-Fitri ni kwamba siku yenyewe hutegemea mwezi. Ramadhani huwa siku 29 au 30, na tangazo huja usiku. Anayengoja tangazo ndipo amenye thomu atalala saa tisa, kesho asinzie mbele ya watu. Mimi nahesabu 29. Mwezi usipoonekana, nimepata siku ya kupumzika. Visheti nakaanga siku nne kabla, na navifunga kwenye ndoo yenye mfuniko vikishapoa kabisa. Vikifungwa na joto lake hutoa jasho na kulainika. Kaimati na vitumbua havina subira hiyo, hivyo naagiza kwa mama wa vitumbua na kumlipa mapema.

Pilau ndiyo inayoiba watu ukumbini. Kwa wageni 30 hadi 35 napika mchele kilo 5 na nyama kilo 3. Vitunguu nakaanga mapema mpaka viwe vyekundu, na bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, hiliki na karafuu vinakaa tayari vimesagwa. Nyama ndiyo pekee inayongoja tangazo: naichemsha usiku huohuo na tangawizi na thomu, na supu yake siimwagi. Kwa asiye na friji, supu ichemke tena kabla ya kulala na tena alfajiri, bila kuifunika kabisa ikiwa moto, la sivyo itachacha. Baada ya swala kazi inayobaki ni kuunganisha tu.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kupika kilo zote 5 kwenye sufuria moja. Chini unaungua, juu mchele bado una kiini, na mpishi anainuka kila dakika tano kugeuza. Mimi natumia sufuria mbili za kilo mbili na nusu. Supu ikizidi mchele kwa pingili moja ya kidole inatosha. Ikikauka napunguza moto wa chini, napalia makaa juu ya mfuniko, kisha naondoka kwa dakika 20 hivi. Hizo ni dakika 20 za kukaa na mtu bila kunyanyuka.

Jingine linasemwa kwa aibu: baraza imejaa wanaume wanaopiga soga, na mama wa nyumba hajamsikiliza mtu tangu asubuhi. Kwetu jikoni kuna zamu za nusu saa, na vijana wa kiume wanaosha sahani. Mwanzoni kuna manung'uniko, lakini sahani husafishika.

Simu ni fupi kuieleza. Salamu za Idi Mubarak naziandika usiku wa kuamkia na kuzituma zote kwa pamoja. Walioko mbali, Mombasa au Muscat, nawapigia kwa sauti mara baada ya swala, kisha simu inaingia kabatini, mlio ukiwa umeachwa kwa namba mbili tatu za dharura tu. Kuiweka mezani kifudifudi hakusaidii, jicho huifuata.

Chenji ya watoto nayo itafutwe kabla benki hazijafungwa. Sarafu za 500 na noti za 1,000, zikae kwenye kibahasha kimoja mfukoni. Ukianza kupekua pochi mtoto amesimama mbele yako, unamwona kama deni. Zikiwa tayari, unamwinamia, unamuuliza jina na nguo yake mpya ameichagua nani, ndipo unampa.

Kutembelea ni Idi pili. Watu husifia kupiga hodi nyumba 12 kwa siku, mimi naziona ni mbio za baiskeli. Nyumba nne zinatosha, dakika 40 au zaidi kila moja, kwa kuanza na mkubwa wa umri. Kabla ya kutoka najikumbusha jambo moja alilolisema kila mtu mara ya mwisho. "Shikamoo bibi" ikishajibiwa, naingia moja kwa moja: "Ule mguu uliokuwa unavimba vipi sasa?" Hapo anajua mazungumzo yake hayakupotea. Akiwa hasikii vizuri, kwa adabu naomba redio na feni vizimwe, nakaa mbele yake auone mdomo wangu, na natamka polepole kwa sauti nzito kidogo. Kupiga kelele hukoroga maneno zaidi. Mwenye kisukari chai yake iwe ya rangi, sukari pembeni, bila mtu kutangaza. Mjane aliye kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hatoki kutembea, hivyo afuatwe, na marehemu atajwe kwa jina. Wengi hulikwepa jina hilo wakidhani wanamhurumia. Akinyamaza, nami nanyamaza. Na kijana asiulizwe ataoa lini, Idi zote ameshaulizwa.

Sehemu ninayoilinda kuliko zote ni kumsindikiza mgeni. Ndani ya nyumba kuna masikio mengi. Karo, ugonjwa au ugomvi wa ndugu hutajwa mkishatoka barazani mnakaribia barabara kubwa. Kwa hiyo bajaji siiiti mlangoni. Natembea naye taratibu, mikono mitupu, bila mtoto wa kunivuta kanga. Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na miaka hii inaangukia karibu na masika, basi mwavuli unakaa nyuma ya mlango, tena ule mkubwa wa kutosha wawili.