Zile picha za Buxton, na kwa nini mimi sisemi "paradiso"

Zile picha za Buxton, kijiji cha zamani cha wachimba makaa ya mawe hapa jimbo la Iowa, Marekani, zimeanza tena kuzunguka kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa Iowa, na kama kawaida wa kwanza akaandika "paradiso ya watu weusi", wa pili akaweka vidole juu, wa tatu akauliza iko wapi hiyo tuhamie. Haipo bwana. Kijiji chenyewe kimekufa karibu miaka mia sasa. Ilikuwa kaskazini mwa kaunti ya Monroe, ukitoka Des Moines unashuka kusini mashariki mpaka maeneo ya Lovilia, halafu unaacha lami unashika njia ya changarawe. Mimi nimefika. Ni malisho na mashamba tu, kuna kuta za mawe zilizobaki za ghala la duka la kampuni, kuna makaburi, basi. Mtu asipokuambia hapa waliishi watu elfu tano hivi utapita unatafuta sheli.

Kwa hiyo picha ndiyo kila kitu, na mimi naziangalia sana, nyingine nimezikuta mtandaoni na nyingine makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi pale Cedar Rapids, nendeni jamani, tunaishi hapa miaka tunajua njia ya Walmart tu.

Kwa ambao hamjui, Buxton kilianzishwa 1900 na kampuni ya makaa ya mawe iliyoitwa Consolidation Coal, mali ya shirika la reli la Chicago and North Western. Treni zilikuwa zinakula makaa, reli ikaona badala ya kununua bora ichimbe yenyewe. Kabla ya hapo watu hao hao walikuwa kijiji kingine, Muchakinock, kaunti ya Mahaska, makaa yakaisha kule, kampuni ikabeba kijiji kizima ikakipanda upya. Sensa ya jimbo ya 1905 ilikuta Buxton watu weusi 2,700 na weupe 1,991. Iowa hiyo, jimbo lililojaa weupe! Weupe wenyewe wengi walikuwa wahamiaji tu kama sisi, Waswidi, Waslovakia, na wengine.

Sasa picha. Ile ya wachimbaji ndiyo naipenda kuliko zote, ya aina ile wamesimama safu safu nje ya mgodi, nyuso zina vumbi mpaka huwezi kujua haraka nani mweusi nani mweupe, ukitaka kujua unaangalia mikono na masikio. Angalia kofia zao. Kuna kijitaa kinaning'inia mbele ya paji la uso, kama birika dogo lenye mkono, hiyo ni taa ya mafuta, utambi unatoka kwenye mdomo wa birika. Ukiona taa yenye kisahani kinachong'aa nyuma ya moto, hiyo ni ya kabaidi, unatia maji juu ya mawe ya kabaidi inatoa gesi inawaka, ilikuja baadaye kidogo, kwa hiyo hata picha isiyo na tarehe unaweza kuibahatisha kwa kofia. Mkononi wameshika ndoo ya bati, na watu wanafikiri ni ya kubebea maji. Ni ya msosi. Chini kunakaa maji ya kunywa siku nzima, juu kuna chombo cha chakula kinadumbukia humo ndani, kifuniko kinafunga, maana shimoni hakuna bomba na ukimaliza maji yako umemaliza. Asubuhi walikuwa wanapanda treni ya kampuni kwenda migodini maana migodi haikuwa mlangoni. Yaani shifti na usafiri wa kampuni, wale wanaofanya kazi viwanda vya nyama watanielewa.

Na hapa ndipo napotofautiana na watu wa paradiso. Wanasema weusi na weupe walilipwa sawa Buxton, kweli, na ilikuwa ajabu kwa Marekani ya wakati ule, lakini hakuna anayeuliza kwa nini. Mchimbaji alikuwa analipwa kwa tani. Unajaza behewa lako, unatundika kibati chenye namba yako, likifika juu linapimwa, na pale kwenye mizani chama cha wafanyakazi kinaweka mtu wao achunguze asije mtu akaibiwa kilo. Chama kilikuwa kile cha wachimbaji wa Marekani nzima, United Mine Workers, na bei ya tani kwenye mkataba ilikuwa moja kwa wote. Mizani haijui rangi. Kwa hiyo si kwamba mabosi walikuwa na roho ya malaika, ni mkataba.

Tena ukirudi nyuma ndiyo inachekesha kwa uchungu. Watu weusi wa kwanza waliletwa Muchakinock kutoka Virginia mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa sababu wachimbaji weupe walikuwa wamegoma! Yaani waliletwa kuvunja mgomo. Miaka ishirini baadaye wako chama kimoja na weupe, bei moja. Hiyo hadithi kwangu ni tamu kuliko neno paradiso, sema haiingii kwenye kapsheni.

Kitu kingine kutoka Muchakinock ambacho nilikisoma nikacheka peke yangu, wachimbaji weusi walikuwa na chama chao cha kusaidiana, senti 50 kwa mwezi kwa mtu mmoja, dola moja kwa familia, sehemu kubwa inaenda kwenye matibabu. Mama zangu mnaonidai mchango wa msiba kila mwezi, mnaona? Hamkuanza nyie.

Haya, picha za kijijini. Kuna jengo la ghorofa tatu linatokea sana, hilo ni YMCA, yaani la chama cha vijana wa Kikristo, kampuni ndiyo ililijenga kwa ajili ya watu weusi, ndani kuna ukumbi, sehemu za kusoma, mambo ya michezo, mikutano. Kuna duka kubwa la kampuni, Monroe Mercantile, wahudumu weusi na weupe nyuma ya kaunta, lile la kwanza liliungua 1911. Kuna timu ya besiboli, Buxton Wonders, jezi safi, mikono wamekunja, wanajiona kabisa. Na picha za shule, watoto wamechanganyika, hilo nalo lina mizizi ndefu maana mahakama kuu ya Iowa ilikataza kutenga watoto weusi shuleni tangu 1868, kesi ya binti mmoja wa Muscatine, Susan Clark.

Ila ukizipanga zote mezani utaona kitu. Mgodini wamechanganyika, dukani wamechanganyika, shuleni pia. Kanisani hapana. Timu ya besiboli ni weusi. Waswidi walikuwa na mtaa wao pembeni, watu waliuita Swede Town kabisa. Walifanya kazi pamoja na kununua pamoja, jioni kila mtu kwao. Si vibaya, hata sisi hapa Wakongo wana kanisa lao na Wabongo tuna nyama choma yetu, lakini tuseme ukweli ulivyo kwenye picha.

Na waliotoka pale si watu wadogo. George Woodson, wakili, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Niagara Movement, harakati za kudai haki za watu weusi, 1905, halafu 1925 pale pale Des Moines akawa katika walioanzisha chama cha mawakili weusi, National Bar Association. Daktari Edward Carter, mtoto wa huko huko machimboni, akawa mtu mweusi wa kwanza kumaliza udaktari Chuo Kikuu cha Iowa, 1907, akarudi Buxton kutibu watu wa kampuni. Nyie mnaosoma Iowa City mngalikuwa mnaijua hiyo kabla ya kujua ratiba ya mechi za Hawkeyes, timu ya chuo chenu.

Kinachonishika mimi zaidi ni kampuni, na ni kwa sababu nimekulia Mwadui. Baba alikuwa mgodi wa almasi, nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule, duka, timu ya mpira, uzio unazunguka, na nje ya uzio maisha mengine kabisa. Tulijiona tumefika. Sasa Buxton nyumba ilikuwa ya kampuni, uwanja una nafasi ya bustani na kuku, walipendelea kuwapa watu wenye familia, na ukileta fujo unaambiwa fungasha. Hakikuwa na meya wala baraza, hakikuwahi kuandikishwa kuwa mji. Mkurugenzi wa mgodi ndiye serikali. Ukiwa umekulia maisha hayo unaijua ile amani na unajua pia imeshikiliwa na nini.

Ikashikiliwa mpaka makaa yalipoanza kupungua. 1914 kampuni ilikuwa inafungua mgodi mpya mbali kidogo, pamoja na kijiji kipya kilichoitwa Haydock, watu wakaanza kuhama. Vita ya kwanza ikaisha, soko la makaa likashuka. 1919 Buxton walibaki watu kama 400. Nyumba zilikuwa za mbao, zikabomolewa, nyingine zikahamishwa. Mgodi wa mwisho ulifungwa 1927, na Haydock nayo ikafa. Watu wakaenda Des Moines, Cedar Rapids, Waterloo, Chicago, na huko ndiko wengi walikutana na ubaguzi uso kwa uso, hoteli inakukataa, kazi ile ile uliyoizoea unaambiwa si ya kwako. Watoto waliozaliwa Buxton walikuwa hawajawahi kuona vile. Ndiyo maana wazee waliohojiwa baadaye, miaka ya themanini wakati Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa wanachimba pale kutafuta mabaki, walikisifia sana kijiji chao. Mimi siwalaumu. Ukitoka kwenye bei moja ya tani ukaingia mjini unaambiwa ufagie, lazima ukumbuke utamu.

Basi mkienda, eneo lenyewe ni mashamba ya watu, msiruke uzio kwa ajili ya selfie, angalieni kutoka barabarani au ombeni ruhusa. Viatu vya buti, mvua ikinyesha hiyo changarawe si mchezo. Na humu kama kuna mtu wa Mwadui ana picha za zamani, za klabu, za timu, hata za foleni ya dukani, naomba anitumie inbox, za baba zililiwa na mchwa kwenye sanduku na nimebaki na moja tu ya kipaimara.