Kuunda gari la rimoti la kupanda mawe kuanzia reli tupu

Gari ninaloeleza hapa ni Land Rover Defender 110 ya umbo la zamani, lililoacha kuundwa mwaka 2016, ya kipimo cha 1/10, ya kupanda mawe na kuvuka matope polepole, si ya mbio. Chesisi, mikono ya kushikilia ekseli na bodi nimevikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, drili na tupa. Gia, beringi, shokamzoba, mota na vifaa vya umeme nimenunua. Kuchonga krauni na piniani, yaani gia kubwa na ndogo zinazozungusha ekseli, kunahitaji mashine maalumu, na hakuna sifa anayopata mtu kwa gia inayokula meno yake kwenye kilima cha kwanza.

Kazi yote ilianza na tairi. Wengi huanza na bodi, kisha wanatafuta tairi la kujaza matundu ya mapajani (sehemu ya bodi inayofunika matairi), na hapo ndipo gari linapoanza kufanana na mwanasesere. Defender ina rimu ya inchi 16, yaani milimita 406. Gawanya kwa 10, unapata 40.6. Rimu za inchi 1.55 zina milimita 39.4, kwa hiyo zinalingana karibu kabisa. Rimu za inchi 1.9, ambazo zimeenea zaidi kwenye magari ya 1/10, zina milimita 48. Ukizifunga hapa ni sawa na kuivalisha Defender rimu za inchi 19. Hasara ya rimu ndogo iko chini ya ekseli. Tairi langu lina kipenyo cha milimita 95, yaani nusu yake ni 47.5, na tumbo la difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili) linashuka milimita 20 chini ya kitovu cha ekseli. Inabaki nafasi ya milimita 27 tu juu ya jiwe. Tairi la milimita 110 lingekupa 35. Mimi nilikubali hasara hiyo, kwa sababu gari linaloonekana kweli ndilo nililokuwa nalitaka. Anayetaka kupanda tu aende na 1.9 bila kusita.

Tairi likishajulikana, vipimo vingine vinajipanga. Umbali kati ya ekseli mbili wa Defender 110 ni inchi 110, sawa na milimita 2,794, kwa hiyo hapa ni 279. Upana wa bodi ni 1,790, kwa hiyo 179. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachosahaulika. Ekseli nyingi za kununua zikishavaa matairi hupita milimita 200 kwa upana, na matairi yanatokeza nje ya mapaja kama miguu ya kaa. Kabla ya kununua, pima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa lingine, tena rimu zikiwa zimefungwa, maana kina cha rimu kinaweza kuongeza au kupunguza milimita 10 kila upande.

Chesisi ni reli mbili za alumini yenye umbo la U, milimita 20 kwa 10, unene 2, kila moja urefu wa 420. Kati ya reli na reli nimeacha milimita 66, kwa sababu giaboksi na betri yenye upana wa 47 lazima vipite katikati bila kubana nyaya. Reli zote mbili hubanwa pamoja kwenye jiliwa na kutobolewa kwa mkupuo mmoja: alama kwa senta panchi, tundu la mwongozo la milimita 2, kisha la 3.2 kwa skrubu za M3. Ukitoboa moja moja, tofauti ya nusu milimita kwenye matundu ya mikono inatosha kuipindisha ekseli, na gari litavuta upande mmoja maisha yake yote. Vyuma vya kukingama ni vinne. Kabla ya kukaza nati za mwisho, pima mishazari miwili ya fremu. Ikitofautiana zaidi ya nusu milimita, legeza, sukuma, kaza upya.

Sasa mikono, ambayo ndiyo moyo wa gari la aina hii. Nyuma kuna mikono minne: miwili ya chini inayokwenda karibu sambamba na reli, na miwili ya juu inayokutana kama herufi V juu ya difu. Hiyo V ndiyo inayozuia ekseli isihame kulia wala kushoto, kwa hiyo usiifanye nyembamba mno. Pembe ya digrii 40 hivi kati ya mikono ya juu inatosha. Mbele kuna mikono mitatu na fimbo ya Panhard, yaani fimbo ya kukingama kutoka chesisi hadi ekseli inayoizuia isihame kulia wala kushoto. Sababu ya kutotumia V mbele ni usukani: servo (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele) imekaa kwenye chesisi, na fimbo inayotoka kwenye servo kwenda kwenye gurudumu huchora tao kila ekseli inapopanda na kushuka. Fimbo ya Panhard nayo huchora tao lake. Matao hayo mawili yakifanana, magurudumu hubaki yalipo. Yakitofautiana, kila jiwe linageuza usukani lenyewe. Kwa hiyo fimbo hizi mbili ziwe na urefu mmoja, ziwe sambamba ukiziangalia kwa mbele, na zianzie upande mmoja wa gari. Ukikosa nafasi, afadhali ukate kipande cha bampa kuliko kukiuka sharti hili.

Kila mkono ni bomba la alumini, milimita 6 nje na 4 ndani, lenye fimbo ya hesi ya M4 iliyopita katikati na kutokeza milimita 10 kila mwisho. Kwenye ncha hizo hufungwa vichwa vya plastiki vyenye gololi ya chuma. Bomba linazuia kupinda, fimbo inabeba mvuto, na urefu unarekebishwa kwa kuzungusha kichwa. Mikono ya kulia na kushoto ya jozi moja ipimwe kwa kalipa, kutoka katikati ya gololi hadi katikati ya gololi, na isipishane zaidi ya milimita 0.2.

Upande wa chesisi, mikono ya juu ya nyuma nimeitobolea matundu matatu yaliyoachana milimita 5 kwenda juu. Haya ndiyo matundu ya kurekebisha tabia ya gari mlimani. Mkono wa juu ukiinamia sana mbele, ukakaribia wa chini, gesi inainua tako la gari na matairi ya nyuma yanaanza kurukaruka. Ukiupandisha tundu moja, mikono inakuwa karibu sambamba na kurukaruka kunapungua. Ukiupandisha kupita kiasi, tako linakaa chini na pua inanyanyuka. Nilibaki na tundu la katikati.

Kabla ya kufunga springi hata moja, unganisha ekseli, mikono, shafti zinazopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli, na usukani, kisha inua gurudumu moja kwa mkono mpaka ekseli igote, huku la upande wa pili likining'inia. Zungusha shafti polepole kwa vidole. Ukihisi inakaza sehemu moja ya mzunguko, msalaba (kiungo cha kupinda kwenye ncha ya shafti) umefika mwisho wa pembe yake. Mingi huanza kugoma ikipita digrii 30 hivi. Angalia pia urefu. Shafti ya kutelezea ikishuka mwisho ibaki imeingiliana angalau milimita 10, na ikipanda mwisho isigote, kwa maana ikigota itasukuma giaboksi na kuua beringi. Uma za ncha mbili za shafti zilale kwenye mstari mmoja. Zikipishana robo mzunguko, gari linatetemeka na watu wanailaumu mota.

Ekseli ya mbele ina mtego wake. Kuinua piniani ielekee giaboksi kunapunguza pembe ya shafti, lakini kunazungusha ekseli yote, na mwegamo wa nyuma wa mihimili ya magurudumu unapotea. Gari linageuka vibaya na usukani haurudi katikati. Dawa ni kutumia ekseli ambayo vichwa vyake vya mwisho vinaweza kuzungushwa peke yake, ukavirudisha kwenye mwegamo wa digrii 5 hadi 8.

Difu zote mbili nimezifunga kabisa kwa kipande kigumu badala ya gia ndogo. Difu huru inapeleka mzunguko kwenye gurudumu lililo hewani huku lililoshika jiwe likisimama. Kona inakuwa pana zaidi, ndiyo, na matairi yanakwaruza kwenye sakafu, lakini gari hili si la sakafuni.

Gia nimezipanga hivi: piniani ya mota meno 14 na gia kubwa meno 80, hiyo ni 5.71, giaboksi yenyewe 2.6, ekseli 2.75. Zidisha zote, unapata karibu 41. Mota ya brashi ya aina ya 540, yenye mizunguko 35 ya waya, ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, gurudumu litazunguka mara 293. Mzingo wa tairi ni milimita 298, kwa hiyo ni mita 87 kwa dakika, au kilomita 5.2 kwa saa: mwendo wa mtu anayetembea. Hesabu hii ifanye kabla ya kununua chochote. Mota yenye mizunguko michache ya waya inakimbia zaidi lakini inachemka kwenye kazi ya polepole. Tena, ukiweza kuchagua, weka punguzo kubwa kwenye ekseli kuliko kwenye giaboksi. Nguvu ya kusokota inayopita kwenye shafti inakuwa ndogo, na chesisi hailali upande mmoja kila ukibonyeza gesi.

Piniani na gia kubwa zisibanane. Weka ukanda wa karatasi ya kawaida kati ya meno, sukuma mota, kaza skrubu, kisha toa karatasi. Chonga bapa dogo kwenye shafti ya mota kwa tupa ili skrubu ya piniani ipate pa kukaa, futa mafuta kwa spiriti, weka tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma tu. Baadhi ya plastiki hupasuka ikiigusa.

Kwenye umeme, kosa la kawaida ni servo yenye njaa. Servo yenye nguvu ya kilo-sentimita 20 ikisukuma tairi lililobanwa kati ya mawe hunywa ampea kadhaa kwa mpigo, na kidhibiti mwendo kinachotoa 2 au 3 tu kwenye waya wa risiva (kifaa kinachopokea amri za rimoti) kinalegea. Volti zinashuka, risiva inazima sekunde moja, gari linasimama, kisha linaendelea tena. Ukiona hivyo usikimbilie kubadilisha rimoti. Nimeweka kipunguza volti cha pembeni kinachotoa volti 6 kwa servo na risiva, na waya mwekundu wa kidhibiti mwendo nimeuchomoa kwenye plagi na kuufunika ili vyanzo viwili visigongane. Mwisho wa usukani uwekwe kwenye rimoti, si kwenye chuma: punguza mwendo wa servo mpaka isiendelee kunguruma gurudumu likifika mwisho.

Betri ni ya lithiamu, seli 2, volti 7.4, mAh 2,200. Kidhibiti kikate umeme kwenye volti 3.2 kwa seli, na breki ya kushikilia iwe asilimia 100, la sivyo gari linateleza kurudi chini ukiachia gesi.

Bodi ya Defender inasamehe, kwa kuwa pande zake karibu zote ni bapa. Nimetumia karatasi ya plastiki ya polistirini: milimita 2 kwa kuta, 1 kwa paa na kwa milango iliyobandikwa juu. Huhitaji msumeno, kwaruza mstari kwa kisu mara tatu nne, kunja, inakatika safi. Gundi ni ile nyepesi inayoyeyusha plastiki, inayopakwa kwa brashi kwenye kiungo kilichokwisha kubanwa. Ndani ya kila kona weka kipande cha pembetatu. Paa liwe jepesi kadiri inavyowezekana, na mizigo ya mapambo juu yake usahau.

Uzito nimeupima kwa mizani mbili ndogo, moja chini ya kila ekseli, gari likiwa limelala sawa. Lengo ni asilimia 55 hadi 60 mbele. Betri ikikaa juu ya ekseli ya mbele, kazi imekwisha. Ikipungua, ongeza shaba kwenye vitovu vya magurudumu, kamwe si kwenye bodi. Kisha simamisha gari kwa magurudumu yake juu ya ubao na uinue ubao taratibu upande wa ubavu mmoja wa gari. Likipinduka kabla ya digrii 40, kuna kitu kizito kimekaa juu mno, au springi zinalisimamisha sana. Gari likisimama lenyewe, shokamzoba ziwe zimekwisha kula theluthi moja hadi nusu ya mwendo wao.

Baada ya betri ya kwanza kwisha, fungua kifuniko cha difu uangalie grisi. Unga mdogo wa kijivu ni wa kawaida. Chembe zinazometameta mara nyingi maana yake krauni imekaa mbali na piniani na meno yanagusana kwa ncha: hamisha washa ya milimita 0.1 kutoka upande wa pili wa difu, uiweke mgongoni mwa krauni ili isogee karibu na piniani, zungusha kwa mkono, na uongeze nyingine ikiwa bado unasikia mchezo. Ikianza kukaza, umezidisha. Toa moja, paka grisi mpya, funga.