Visanduku vinane

Jumanne usiku, Amu (mji wa Lamu)

Nimekaa na fomu moja tangu baada ya Isha. Ni kurasa mbili tu. Kuna ofisi inawaandikisha mafundi wa mashine za boti, na wanasema siku za mbele asiyeandikishwa hataruhusiwa kugusa mashine ya boti ya abiria. Sina ugomvi na hilo. Jina nimejaza, kitambulisho nimejaza, simu nimejaza. Palipoulizwa chanzo cha mtaji nikaandika "akiba yangu mwenyewe" wala sikusita. Kisha nikafika penye maneno "Tarehe ya kuanza kazi". Chini yake pana visanduku vinane: viwili vya siku, viwili vya mwezi, vinne vya mwaka. Hapo nikakwama kama chombo kilichoingia mlango wa bahari wa Mkanda maji yakitoka.

Mwalimu ana barua yake ya kuajiriwa, askari ana namba na tarehe. Mimi sina karatasi yoyote inayosema siku fulani huyu hakuwa fundi na kesho yake akawa.

Nikitaka kuanza mwanzo kabisa, itabidi nianze na sinia. Nilikuwa mhudumu wa hoteli kule Shela, shati jeupe na kikoi, na Kitaliano cha kuombea radhi. Na hiyo nayo sikuitafuta. Aliyeitwa kazini ni binamu yangu. Siku ya kwanza akaamka na homa, mama yake akanituma nikamwombee udhuru. Meneja akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama najua kubeba sinia. Nikasema najua. Sinia niliyowahi kubeba ni ya pilau, tena kichwani, siku ya harusi. Binamu alipopona alikuta nafasi imekaliwa. Mpaka leo akinitaka jambo siwezi kumwambia sina.

Sinia nilibeba miaka mitano. Ukaja mwaka 2011. Mwezi wa Septemba watu wenye silaha waliingia Kiwayu, wakamuua mgeni wa Kiingereza na kumchukua mkewe. Tarehe 1 Oktoba ikawa Manda, ng'ambo tu ya maji, mahali ambapo sisi wa Shela tulikuwa tukipaona tukisimama barazani. Safari hii alichukuliwa mama wa Kifaransa, mgonjwa, anayetembelea kiti cha magurudumu. Hakurudi hai. Serikali za kwao zikawaonya raia wao wasije huku, na mji ukanyamaza. Nakumbuka kilichonishangaza ni vitambaa vya meza. Tuliendelea kuvipiga pasi kila siku, wiki nzima, kwa wageni ambao kila mtu alijua hawaji. Kisha tukaitwa ukumbini, tukapewa nusu mshahara na ahadi ya kupigiwa simu mambo yakitengenea. Namba yangu sijaibadilisha.

Basi nikawa mtu wa kukaa ukutani pwani. Asiyejua Amu atadhani kukaa ukutani ni uvivu. Wenyewe tunajua kwamba ndipo habari zote zinapopita: nani amepata mzigo wa kupakua, nani anaoa, boti ya nani imevutwa kwa kamba kutoka Mokowe kama punda aliyegoma.

Na karibu na pale nilipokuwa nikikaa, chini ya kibanda cha makuti, alikuwepo fundi mmoja mzee wa Langoni ambaye mji mzima ulimwita Ami. Alitengeneza mashine za boti tangu zilipokuwa chache, kila mwenye mashine akijulikana kwa jina la babu yake. Mikono yake ilikuwa inajua kila kitu. Macho ndiyo yalikuwa yameanza kumuaga. Alilificha jambo hilo kama mtu anavyoficha deni.

Siku hiyo aliletewa mashine ya nguvu ya farasi kumi na tano iliyoacha kukojoa. Samahani kwa lugha, lakini hivyo ndivyo tunavyosema. Mashine nzima ikiwa inazunguka hutoa kijito chembamba cha maji ubavuni, na hiyo ndiyo dalili kwamba maji yanapanda kuipoza. Kijito kikikatika una dakika chache kabla ya chuma kuanza kuungua. Sababu huwa ileile: chini kabisa, ndani ya mguu wa mashine, mna pampu ndogo yenye mpira wa mabawa, na sisi maji yetu yakitoka manahodha wanapitisha boti juu ya mchanga kwa kutaka kuwahi. Pampu inavuta mchanga, mchanga unakula mabawa.

Ami alifungua boliti, akauteremsha mguu, akautoa mpira uliokwisha kama kisigino cha kandambili ya zamani. Akautia mpya. Sasa, ule mpira haushikwi na gundi wala skrubu. Unashikwa na kipande kimoja cha chuma cha umbo la nusu mwezi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kinachokaa ndani ya mfuo kwenye chuma kirefu kinachozunguka. Bila hicho kipande, chuma kirefu kinazunguka na mpira umelala. Nikamwona Ami akijaribu kukiweka. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akakiweka kando ya mfuo, hewani, akaachia. Kikaanguka mchangani.

Hakusema kitu. Akageuza uso ukutani, akaniona namtazama.

"We huna kazi," akasema. "Ndoo ushike hapa."

Kwanza tulikitafuta. Nilikwenda kuazima chekeche ya unga kwa mama anayeuza mahamri kichochoroni, nikamwambia ni ya kuchekechea unga, Mungu anisamehe. Tulichekecha mchanga wa mraba wa hatua mbili kwa mbili mpaka adhana ya Alasiri, mwenye boti akiwa amesimama juu yetu akihesabu hasara kwa sauti. Tulikipata. Nikakiweka kwenye mfuo kwa ncha ya kidole iliyopakwa grisi ili kisiteleze, Ami akateremsha mpira juu yake kwa kupapasa, na jioni ile mashine ikakojoa. Ami akacheka mpaka akakohoa. Akanipa shilingi mia mbili na kuniambia nirudi kesho, ana nyingine.

Je, niandike siku hiyo? Tatizo ni kwamba siikumbuki tarehe. Ilikuwa kaskazi imeanza kupiga, kwa hivyo pengine Novemba, pengine Desemba. Na pia mimi sikujua kwamba nimeanza kitu. Nilijua nimeazimwa macho. Nilirudi kesho yake na kesho kutwa kwa sababu ya ile mia mbili na kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto wa miezi minne, na moyoni nikingojea simu ya hoteli.

Jana nilifanya jambo la kitoto. Nilichukua fomu nikaenda nayo Mkunguni jioni, nikawauliza waliokaa pale: wewe kazi yako uliianza tarehe ngapi?

Seremala wa milango alicheka. Baba yake alimwekea patasi mkononi kabla hajajua kufunga kamba ya suruali, kwa hivyo aandike tarehe ya kuzaliwa. Mwenye punda wa kubebea matofali alisema punda walikuwa wa kakake aliyekwenda Mombasa "kwa wiki mbili". Hiyo wiki ya pili haijaisha, na huu ni mwaka wa kumi na moja.

Aliyenikaa moyoni ni kaka mmoja wa Kizingitini, sasa ana hoteli ya chai na maharagwe Mokowe, pale bodaboda wanaposubiri abiria wa boti. Zamani alikuwa mkata mikoko. Ukimsikiliza akitaja miti unajua kazi ilikuwa ndani ya mifupa: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila mmoja na unene wake, na yote huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Serikali ilipopiga marufuku ukataji mwaka 2018 akawa anawapikia wenzake waliokaa bure, wachangie unga na yeye atie jiko. Mwaka uliofuata watu wa Lamu wakaruhusiwa tena kukata. Wenzake wakarudi mikokoni. Yeye siku hiyo alikuwa na chungu motoni, akasema acha kiive kwanza. "Bado hakijaiva," akaniambia, akaenda zake kuwahi boti.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwahesabu kwa vidole. Binamu aliyeumwa homa. Kaka aliyekwenda Mombasa. Ami aliyekuwa anapofuka. Karibu kila mtu niliyemuuliza hakunisimulia habari zake. Alinisimulia habari za mwingine ambaye hakufika, au hakurudi, au hakuona vizuri. Shuleni walituuliza mkikua mtakuwa nani, tukaandika rubani, daktari, rubani. Hakuna aliyetuuliza ni nani atakayeondoka.

Ami aliacha kuja kibandani mapema mwaka 2013. Macho yalikuwa yamefunga. Aliniita kwake, akanikalisha, akaniambia mashine zake zote nizimalize na wateja wawe wangu, lakini spana zake amewaahidi wajukuu. Nilikasirika, nisiseme uongo. Fundi bila spana ni mtu tu mwenye mikono michafu. Nilihangaika wiki kadhaa na spana za kuazima, nikizirudisha kabla ya Magharibi kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kisha nikapata seti yangu, na tangu hapo ni zilezile, zimebaki zote isipokuwa namba kumi iliyozama gatini. (Namba kumi huzama kila mahali duniani, nimeambiwa.)

Kulikuwa na siku nilizotaka kuacha. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, iliwekwa kafiu na wavuvi wakazuiwa kwenda baharini usiku. Mashine zikalala, na mashine isiyofanya kazi haiharibiki. Watu walikuwa wakiniambia nikangoje bandari mpya ya Lamu. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2012, marais wakaja, vijana wengi wa hapa wakakaa na matumaini yao kama mizigo gatini, na gati ya kwanza ikaanza kazi Mei 2021. Wako waliopata. Rafiki yangu mmoja alipata, anavaa kofia ya plastiki na ana tarehe ya kuanza, iko kwenye kadi anayoning'iniza shingoni. Nilimwonea wivu kidogo wiki hii, kwa sababu ya fomu.

Haya yote nilikuwa nikiyafikiria leo, kalamu mkononi, mke wangu alipokuja kuzima taa ya ukumbini akanikuta.

"Bado hiyo karatasi?"

Nikamweleza. Nikamwambia nimefikiria kuandika siku ya chekeche lakini siijui tarehe, na siku Ami aliponiita siijui pia.

"Februari," akasema. "Elfu mbili na kumi na tatu. Jumamosi baada ya Maulidi ya Riyadha."

"Siku gani hiyo?"

"Siku niliyouza bangili."

Nilinyamaza. Alikuwa amesimama na mkono kwenye swichi. Akasema mji bado ulikuwa umejaa wageni wa Maulidi, mpaka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukawa haupitiki, na kwamba alikwenda kwa masonara wawili, wa kwanza akampunja kwa mizani, wa pili akampa bei. Alitoka na pesa kwenye kitambaa cha leso, akanipa jikoni, na mimi nikaondoka na boti ya mchana kwenda kununua spana. Yote aliyakumbuka. Alikumbuka mpaka sonara wa pili alivyomuuliza, "Una hakika, mwanangu?" maana ilikuwa bangili ya harusi, aliyopewa na mamake.

Nami nakumbuka spana. Nakumbuka kisanduku chake cha bluu, na harufu ya mafuta yaliyopakwa chuma kipya. Pesa nilikuwa nimezisahau zilikotoka. Sikuzisahau hasa. Kila mwaka zilisogea kidogo, mpaka zikawa zangu.

Tukafungua kalenda ya simu, tukarudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka Februari 2013, yeye akihesabu mfungo sita, mwezi wa Maulidi, kwa vidole, na tukaipata ile Jumamosi. Nikaijaza, tarakimu nane.

Kisha nikapandisha macho kwenye mstari wa chanzo cha mtaji. Fomu ilikuwa imeandikwa juu kwa herufi kubwa kwamba usifute wala usikate. Nikakata. Wino ukatapakaa kidogo, kalamu hizi za shilingi ishirini. Juu ya palipokatwa nikaandika jina lake lote, matatu, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

"Utarudishiwa hiyo," akasema.

"Nitaomba nyingine."

Akazima taa, nami bado nilikuwa sijatia sahihi.