Bibi, hina na kamera yangu ya gramu 840

Siku ya hina ya binamu yangu nilikaa kwenye mkeka nyumbani kwa bibi, Ngamiani, Tanga, simu mkononi na kamera mapajani. Fundi wa hina, mpaka hina kama tunavyomwita, alishamaliza mkono wa kushoto wa bi harusi, ameingia wa kulia. Chumba kina taa moja tu, na dirisha limezibwa pazia kwa sababu ya vijana wa barazani. Nikaamua: leo kila kitu napiga mara mbili, simu halafu kamera.

Sikuwa na nia ya utafiti, nilikuwa na hasira. Napiga picha za harusi kwa malipo, na wiki hiyo mteja alikuwa ameniambia, "Laki mbili ya nini dada, na mdogo wangu ana simu ya megapikseli 50?" Kamera yangu ina 24. Kwa hesabu za dukani nimeshafungwa kabla sijaiwasha.

Ni Nikon D750, toleo la mwaka 2014, nimeinunua mkononi mwa mtu. Raba ya pale pa kushikia imeanza kubanduka, naibandika kwa gundi ya viatu. Gramu 840 pamoja na betri na kadi, bado lenzi. Ukiivaa shingoni kuanzia kupamba mpaka kutoa zawadi, kesho yake unageuka mwili mzima ukiitwa.

Sasa hizo megapikseli. Kihisi, kile kibati cha nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, kwenye D750 ni kama milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha ule mkanda wa zamani tuliokuwa tunapeleka studio kusafishwa. Cha simu yangu hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kujaza humo vitone milioni 50 ni kukalisha watu hamsini kwenye sinia moja la pilau, halafu ukajisifu kwamba umelisha wengi. Na simu yenyewe inajua. Inawaunganisha wanne wanne wahesabiwe mmoja, ndiyo maana picha inayotoka huwa ya megapikseli 12 na kitu.

Nilipozitazama palepale kwenye kioo cha simu, simu ilinishinda. Nasema kweli. Mikono iling'aa, hina imekolea, pazia la nyuma limekuwa jekundu kuliko lilivyo. Picha za kamera, ISO (wepesi wa kudaka mwanga) 3200 na lenzi ya milimita 50 kwenye f/2.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), zilikuwa zimepooza, na vivulini kuna chenga. Bi harusi alizipitia akasema hizi za kamera utazitengeneza kwanza, si ndiyo? Ndiyo, mdogo wangu. Hizo nyingine zimeshatengenezwa kabla hatujaulizwa. Ukibonyeza mara moja, simu inapiga kadhaa kwa mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine, inafuta chenga na kuongeza rangi, kabla hujateremsha mkono.

Jumatatu nikapeleka chache studio zikachapwe ukubwa wa A3. Huko ndiko mambo yalikogeuka.

Mpaka hina wetu ana mkono mwembamba. Pembeni ya kila ua anaweka nukta ndogondogo za piko, zinapungua ukubwa kadiri zinavyokwenda kwenye kucha, ya mwisho kama mbegu ya ufuta. Kwenye karatasi ya kamera nilizihesabu kidole cha shahada: kumi na moja. Kwenye ya simu niliona sita, halafu mstari. Simu ilidhani zile tano za mwisho ni chenga, ikazipangusa. Na ngozi katikati ya maua imekuwa laini kama sabuni, haina hata kitundu cha kinyweleo.

Kingo nazo. Simu inatia ukungu nyuma ya mtu kwa kukisia wapi mtu anaishia na pazia linaanzia. Mtandio wa bi harusi una tarizi ya matundu ukingoni. Simu ikaukata kama kwa mkasi butu: matundu matatu yana ukungu, mawili hayana, na hereni moja imezama nusu. Lenzi zote mbili, ya simu na ya kamera, zinaandikwa f/1.8, ndiyo, lakini kwa kihisi kidogo vile, ukungu wa kweli unaoupata ni mdogo, kama wa kamera yangu ikiwa imebanwa tundu sana. Unaobaki ni wa kubuni.

Hadithi za mpiga picha mwenye wivu, utasema. Basi sikiliza na upande wa pili. Alasiri ya harusi tulikwenda Raskazone, ufukweni hapahapa Tanga, jua linaelekea kuzama nyuma ya maharusi. Kamera ilinilazimisha nichague, ama anga ama nyuso, na flashi niliisahau nyumbani. Simu ikatoa vyote viwili, mawingu yapo na meno ya bwana harusi yapo. Pale nilitumia simu kwa nusu saa nzima na maharusi wenyewe hawajui mpaka leo. Video ya kuingia ukumbini pia ni ya simu, kwa sababu nilikuwa natembea kinyumenyume na kamera ingetingishika vibaya mno.

Ila rangi ya ngozi bado inaniudhi. Bibi yangu ni mweusi wa kung'aa, wa kupakwa mafuta ya nazi. Simu ilimpandisha mwanga mpaka akawa kama amejipaka poda. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 walilitangaza jambo hili waziwazi, kwamba ngozi nyeusi ionekane kama ilivyo, kwa hiyo si uzushi wangu. Kwenye faili la RAW la kamera, yaani picha ghafi isiyotengenezwa bado, weusi wa bibi upo, unangoja tu nisiuharibu.

Nikampelekea bibi karatasi zake mbili, nikazitandaza juu ya kitanda. Ya kamera: mikunjo yote, kovu la utotoni juu ya nyusi, jicho la kulia lenye ukungu kidogo. Picha bora niliyopiga mwaka huu. Akavaa miwani, akazitazama kwa zamu.

"Hii," akasema, kidole juu ya ya simu. "Ile nyingine umenipiga nikiwa mgonjwa?"

Mpaka hina yeye alichukua ya kamera bila kuuliza. Alihesabu nukta, akafika kumi na moja, akaniomba na faili lenyewe la kutangazia kazi yake. Nikamtumia kama dokumenti lisibanwe njiani, na amesema siku yangu ikifika atanipaka bure.

Ya bibi imetiwa fremu, imening'inizwa ukutani karibu na ya babu ya zamani ya studio, nyeusi na nyeupe. Nilipokuwa kwenye kigoda nagonga msumari ndipo nikaitazama ile ya babu kwa karibu. Hana kikunjo hata kimoja. Na nyusi, ukizikaribia, zimechorwa kwa penseli.